Ugomvi Usio na Diwani: Uchokozi wa Wanawake katika Historia ya Ushairi wa Pwani

Makala haya yanakusudia kulijadili swali ambalo historia ya fasihi ya Kiswahili imelipitia kando kwa muda mrefu. Wanawake wa pwani walipokasirika, walipotaka kuumiza na walipoumiza kweli, walitumia sanaa gani? Na kwa nini sanaa hiyo haikuingia katika vitabu vyetu ila kwa jina la kuidunisha, au, katika miaka ya karibuni, kwa jina la kuitukuza ambalo pia silo lake?

Tunalitumia neno uchokozi kwa maana pana: nia ya kumdhuru mtu kwa neno au kwa tendo, pamoja na raha inayoandamana na nia hiyo. Neno lenyewe lina upungufu wake, kwani katika matumizi ya kila siku mchokozi ni yule aliyeanza, ilhali sehemu kubwa ya sanaa tutakayoijadili hudai kuwa ni jibu. Lugha yetu inayo maneno mengine: shari, ukali, ghadhabu, mori. Hili la mwisho linastahili kutuliwa kidogo. Mori ni hasira ya shujaa au ya fahali, hasira inayompanda mtu akaingia vitani, na ni nadra kusikia kwamba mwanamke amepandwa na mori. Yeye husemwa kuwa ana mdomo. Hasira moja imepewa mwili mzima, na nyingine imepewa kiungo kimoja tu. Wahakiki wa fasihi wamekuwa wakiufuata mgao huo bila kujua.

Malumbano na umbea

Tuanze na hasira iliyohifadhiwa. Kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anamjua Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Anajua pia kwamba baadhi ya mashairi yake yalikuwa silaha katika uhasama baina ya Mombasa ya Wamazrui na Lamu, na baina ya Mombasa na Sayyid Said, kabla ya Wamazrui kushindwa mnamo 1837. Katika beti hizo yamo majigambo, vitisho, kejeli na matusi yaliyofunikwa. Upande wa Lamu nao walikuwako waliojibu, Bwana Zahidi Mngumi akiwa mashuhuri zaidi. Majibizano haya tumeyaita malumbano, nasi tumeyafanya kuwa bahari ya utafiti. Yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na mmishenari W. E. Taylor akayapokea, William Hichens akayachapisha mnamo 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayahakiki upya mnamo 1979. Palikuwa na mlolongo wa wanaume wanne walioamini kwamba ugomvi huo una thamani.

Katika kipindi kile kile cha Mwalimu Sikujua na Taylor, yaani miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Mombasa walikuwa wakishindana katika lelemama, ngoma iliyochezwa kwa safu na kwa madaha, ikiandamana na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya siku ile na kwa ajili ya mtu yule. Hakutokea mtu wa kuziandika nyimbo hizo na kumpelekea mtaalamu. Tunazojua, tunazijua hasa kutokana na kazi ya Margaret Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, iliyotolewa mnamo 1979. Huyu alizipata nyimbo vinywani mwa vikongwe wakati ngoma yenyewe imekwisha kufifia.

Si kwamba kipindi chetu kimebadilika sana. Katika miaka ya 1970 na 1980 washairi na wahakiki wa kiume wa Kenya na Tanzania walitupiana maneno makali kuhusu shairi huru na shairi la kimapokeo. Walishutumiana ujinga, kasumba na hata usaliti wa lugha. Mambo hayo tunayafundisha kwa jina la mgogoro wa ushairi. Hatujasikia mhadhiri akiyaita umbea.

Mwana Kupona na ulimi uliofungwa

Mtu aweza kupinga kwamba ushairi wa wanawake ulihifadhiwa pia, akamtaja Mwana Kupona binti Msham. Ni kweli, na hapa ndipo hoja yetu inapopata nguvu. Utendi wake, uliotungwa mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, ulinakiliwa, ukahaririwa, na mnamo 1934 Alice Werner na Hichens wakauchapisha pamoja na tafsiri. Utendi huo unamfunza binti adabu, utulivu, kuchunga ulimi na kumridhi mume. Mtunzi wake alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyeutumia umri wake katika vita dhidi ya mtawala wa Unguja. Mwanamke aliyeishi katika nyumba ya vita ameingia katika historia ya fasihi kwa utungo wa upole. Ann Biersteker alipousoma upya utendi huo mnamo 1991, aliuliza kama upole huo ni wa kuaminika wote, au kama mna kejeli iliyokunjwa ndani yake. Sisi hatutaki kuliamua suala hilo hapa. Linalotuhusu ni kwamba, katika tungo zote zilizotungwa na wanawake katika karne ile, utungo uliopendwa na wanakili na wahariri ni ule unaomwagiza mwanamke anyamaze.

Lelemama, kusuta, leso

Vyama vya lelemama vilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare, michango na karamu. Katika mambo hayo vilifanana na ngoma ya beni ya wanaume, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mnamo 1975. Vyama viliishi kwa jozi: chama bila hasimu hakikuwa na maana. Ushindani ulikuwa wa mavazi, wa vyakula, wa idadi ya watu, na zaidi ya yote wa maneno. Wimbo mzuri ulikuwa ule uliomfanya mtu fulani katika kundi la pili ashindwe kula. Strobel anaonyesha pia kwamba nyimbo hizo zilitumika kuwaadhiri hadharani wale waliodhaniwa kuvunja mwenendo wa jamii, hususan katika mambo ya unyumba.

Hapa inafaa tukumbuke jambo ambalo wasifu wa kishujaa husahau. Waliokuwa wakicheza pamoja walikuwemo waungwana na walikuwemo wajakazi wa zamani na binti zao, utumwa ukiwa umefutwa rasmi katika ukanda wa pwani ya Kenya mnamo 1907 tu. Nasaba ilikuwa jeraha lililo wazi, na jeraha lililo wazi ndilo mtunzi mwenye shari hulitia chumvi. Mtu aliweza kukumbushwa alikotoka bibi yake. Tasa aliweza kuimbiwa utasa. Silaha hii ililenga chini mara nyingi kuliko ilivyolenga juu.

Kusuta ni utanzu mwingine, nao haujapata nafasi unayostahili katika orodha ya fasihi simulizi. Mwanamke aliyesingiziwa hufuatilia kwanza neno limetoka kwa nani, limesemwa mbele ya nani. Akipata mashahidi, hukusanya wenzake, aghalabu wamevaa leso za aina moja, wakaenda kwa pamoja hadi mlangoni pa msemaji, labda kwa ngoma na vigelegele, wakamwita atoke nje. Anaulizwa mbele ya majirani: ulisema hukusema? Majibu yake hupokewa kwa wimbo. Tendo hili lina wahusika, hadhira, maleba, mandhari na mpangilio wa hatua, na kwa hivyo ni drama kwa kigezo chochote tunachotumia darasani. Lina pia kanuni za ushahidi: anayekwenda kusuta bila shahidi atarudi yeye ndiye aliyesutwa. Na madhara yake ni ya kweli. Aliyesutwa hubeba jina hilo kwa miaka, na wapo waliohama mtaa.

Tumelitaja kusuta kwa urefu kwa sababu linavunja dhana moja ambayo imekita mizizi, kwamba mwanamke wa pwani hugombana kwa fumbo tu. Katika kusuta hakuna fumbo. Mtu anaitwa kwa jina lake, mlangoni pake.

Fumbo kwa hakika lipo, na mahali pake maarufu ni leso. Maandishi kwenye leso yalienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lijulikanalo kwa alama ya Mali ya Abdulla, limehusishwa sana na jambo hilo. Rose Marie Beck, katika utafiti wake juu ya mawasiliano ya leso, amesisitiza kwamba nguvu ya leso ni kukanika kwake. Aliyeivaa aweza kusema daima kwamba aliipenda rangi. Aliyelengwa akilalamika, amekiri mwenyewe kwamba maneno yamemfaa. Huu ni ustadi mkubwa wa kimatini: matini imechapishwa kiwandani kwa maelfu, maana yake imetengenezwa ugani, baina ya wanawake wawili wanaopishana, na ushahidi wake umefutika kabla ya mume kurudi nyumbani. Lakini tusifanye leso kuwa kielelezo cha uchokozi wote wa wanawake. Ni chombo cha wale wanaolazimika kuendelea kuishi pamoja: wake wenza, mawifi, mkwe na mkazamwana, majirani wenye kisima kimoja. Anayesuta yuko tayari uhusiano ukatike. Anayevaa leso hayuko tayari, au hawezi.

Je, fumbo ni tabia ya mwanamke?

Tofauti hii ina uzito nje ya uhakiki wa fasihi pia. Mnamo 1988 Kirsti Lagerspetz na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Finland juu ya watoto wa miaka 11 na 12, wakaonyesha kwamba wasichana walitumia zaidi uchokozi wa kuzungukazunguka, kama vile kusengenya na kumtenga mwenzao, kuliko wavulana. Utafiti huo ulizaa mwingine mwingi, na matokeo yake yalipofika kwa wasomaji wa kawaida yaligeuka kuwa kanuni: mwanamume hupiga, mwanamke husengenya. Sisi tulio na historia ya Kenya mkononi hatuna budi kuwa waangalifu na kanuni hiyo.

Tuondoke pwani kwa muda, twende Nairobi ya mwaka 1922, mahali ambapo hapakuwa na leso wala lelemama ya kuegemea. Harry Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi. Tarehe 16 umati ulikuwa umekusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Wajumbe wa kiume waliporudi kutoka kuzungumza na wakuu wa serikali na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza, akaipandisha nguo yake hadi mabegani, akawataka wanaume waichukue na kumpa yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliouawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi.

Tendo lile lilikuwa na jina na historia katika jamii ya Wakikuyu: ni guturama, tusi na laana ya mwanamke mwenye umri wa mama, ambaye kwa kuonyesha alikotoka binadamu humkana aliyembele yake. Audrey Wipper, katika makala yake ya mwaka 1989, alilichukua tukio hilo kama tendo la wanawake wenye mbinu yao wenyewe, si kama tanbihi katika maisha ya Thuku. Tungependa kuongeza kwamba, kwa upande wa fani, guturama na kusuta ni ndugu. Yote mawili huhitaji hadhira. Yote mawili huelekezwa kwa mtu aliye mbele ya mtendaji. Na katika yote mawili vigelegele, ambavyo katika harusi ni sauti ya furaha, huwa sauti ya shari. Nyanjiru hakuwachokoza polisi kwanza. Aliwachokoza wanaume wa upande wake.

Miaka 70 baadaye, tarehe 3 Machi 1992, polisi walipovamia akina mama waliokuwa wakigoma kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, baadhi ya akina mama hao walivua nguo mbele ya askari. Kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Magazeti yaliandika kuhusu uchungu wa mama. Uchungu ulikuwapo, lakini laana si uchungu tu. Laana ni kushambulia.

Jina jipya, kosa la zamani

Hapa tunafikia jambo ambalo tunahitilafiana nalo na wenzetu wengi. Tangu James Scott alipotoa kitabu chake kuhusu silaha za wanyonge mnamo 1985, na kwa msukumo wa uhakiki wa kifeministi ambao sisi wenyewe tunaufuata, imekuwa desturi kuzisoma nyimbo za lelemama, taarab ya wanawake na leso kama upinzani. Usomaji huo umetusaidia. Umetuondolea neno umbea. Lakini umetuletea upofu mwingine, kwa kuwa kila tusi limegeuzwa kuwa hoja dhidi ya mfumo dume, na aliyetukanwa ametoweka. Mwanamke aliyeimbiwa utasa katika Mji wa Kale hakuwa mfumo dume. Alikuwa jirani.

Mfano wa Siti binti Saad unaonyesha ugumu wa suala hili. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, katika familia ya watu waliokuwa watumwa. Mnamo 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi. Akafariki mnamo 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake kwa heshima kubwa, na ndani yake Siti ni mfano wa subira na adabu. Katika nyimbo alizoziimba, hata hivyo, umo wimbo maarufu kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni wa Unguja, na katika kuueleza wimbo huo Laura Fair (2001) ameonyesha jinsi ulivyoilaumu pia mahakama ya kikoloni. Huo ni upinzani, hapana shaka, na wa wazi: muuaji ametajwa kwa jina. Ila Siti aliyeimba hivyo aliimba vilevile nyimbo ambazo wasikilizaji wake walizitumia kukomoana majumbani, na santuri haikuchagua nyumba ya kuingia. Kwa mpenzi wa taarab wa siku zile hapakuwa na mstari baina ya aina hizo mbili.

Pana pia swali la nani hutunga. Wenzake Siti waliomsaidia kwa nyimbo na ala walikuwa wanaume. Katika miaka ya 1990, vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe viliposhindana Dar es Salaam, na majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yakawa gumzo la Afrika Mashariki nzima, mipasho mingi iliyotoka vinywani mwa wanawake ilikuwa kazi ya watunzi wa kiume, chini ya viongozi wa kiume, na hasira ya wanawake ilikuwa bidhaa yenye tiketi mlangoni. Basi sauti hii ni ya nani? Jibu letu, ambalo hatulishikilii kwa ukaidi, ni kwamba mmiliki wa tusi hapatikani kwenye utunzi. Hupatikana kwenye kutunza: pale mwanamke anapoinuka katikati ya wimbo, akapita mbele ya hasimu wake aliyeketi, noti imeinuliwa juu, akaenda kumpa mwimbaji kwa ubeti ule na si mwingine. Ubeti umetungwa na fulani, umeimbwa na fulani, lakini katika dakika ile ni wake.

Na inapasa kusemwa kwamba ni dakika tamu. Wahakiki wanaona haya kulitaja hili. Ukumbi wa wanawake wakati wa kutunza umejaa kicheko, na sehemu ya kicheko hicho ni ukatili. Tusipoweza kukubali kwamba mwanamke aweza kufurahia kuumiza, tutabaki na sura mbili tu za kumpa, Mwana Kupona mpole na mwanamapinduzi mwenye hoja, na tutakuwa tumemnyima mori kwa mara ya pili.

Hatimaye kuna tatizo la kazi ya nyanjani, nalo linawahusu moja kwa moja wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Mabadiliko ya lelemama kuwa siasa za vyama yameandikwa: katika miaka ya mwisho ya 1950 wanawake wa Mombasa walianzisha Moslem Women's Institute na Moslem Women's Cultural Association, na Strobel ameonyesha kwamba uhasama wa vyama hivyo viwili ulirithi uhasama wa ngoma. Masimulizi ya maisha nayo yapo. Yale ya wanawake watatu wa Mombasa waliyoyakusanya Sarah Mirza na Strobel yalitolewa kwa Kiswahili mnamo 1991. Kinachokosekana ni nyimbo zenyewe kwa wingi, pamoja na maelezo ya nani aliimbiwa nani, lini, na kwa kosa gani. Bila maelezo hayo wimbo wa lelemama ni mfululizo wa maua, ndege na mashua, na msomaji atauona mwepesi. Muyaka angeonekana mwepesi vilevile kama tusingejua habari za Mombasa na Lamu.

Lakini Mombasa na Lamu haziwezi kuaibika. Aliyeimbiwa mnamo 1950 ana wajukuu, pengine mmoja wao yumo katika darasa letu. Mtafiti akifuta majina, ameua shairi. Akiyaacha, wimbo utapiga tena, mahali pale pale, na safari hii kwa hati iliyochapwa na chuo kikuu. Wazee wanaolijua jambo hili huimba kwa mtafiti nusu ya wimbo, hucheka, kisha huuliza kama chai imepoa.